Wenye Adabu Hawaugui

Hii ilikuwa mara ya tatu Vumilia Kihwele kusoma Saikolojia ya Jumla, na hata wanafunzi waliohudhuria kwa kivuli walikuwa wamemzoea. Wenyewe walikuwa kwao Kigoma, Tanga, sijui wapi, wamejifunika mablanketi. Viti vya ukumbini vilikaliwa na picha zao za mwanga, zikitikisa vichwa kila mhadhiri alipohitaji kutikisiwa vichwa. Vumilia alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Alipanda mlima wote ule na upepo wa Iringa ukimchapa mashavu, akaketi kiti cha nyuma karibu na mlango. Vijana walimwita mama. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na jina hilo lilikuwa halimkeri tena, maana kukereka nako kunataka nguvu.

Masomo yenyewe alikuwa ameyakariri. Yule mbwa anayedondosha mate akisikia kengele alimjua kuliko alivyomjua mbwa wa jirani. Kilichomwangusha miaka miwili mfululizo ni mazoezi ya vitendo, kwa kuwa hufanyika hospitalini mchana kutwa, na nyumbani alikuwako mama yake mzazi, aliyesahau kila kitu isipokuwa Yusta. Yusta alikuwa dada yake Vumilia, na alikwisha kufa. Kila asubuhi mama alimwita Vumilia kwa jina hilo. Mwanzoni Vumilia alimsahihisha, mama akawa analia msiba upya kila kunapokucha, basi akaacha. Siku hizi akiitwa Yusta anaitika.

Mwaka huu jirani alikubali kushinda na mama siku mbili kwa wiki, na chuo kilimwambia wazi kwamba hakuna ya nne: akianguka tena, jina lake linatoka. Kwa hiyo alivaa koti jeupe la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akawa msalimu.

Kazi ya msalimu ilikuwa ndogo hadi inatia aibu. Mteja anaingia, anaketi, anabandikwa utepe kwenye paji la uso. Mezani kuna Mizani, kisanduku cha kijivu kisicho na urembo wowote, chenye taa moja. Msalimu anasema, "Habari yako?" Mteja anajibu. Taa inakonyeza, kumaanisha kwamba neno la kwanza limeshikwa, na tangu hapo msalimu anafunga mdomo. Mizani yenyewe ndiyo inayoendelea, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, ikisikiliza mwili zaidi kuliko maneno. Mwisho taa inatoa hukumu. Ikiwaka kijani, mtu ni mzima, aende zake. Ikiwaka nyekundu, anapata kitanda siku hiyo hiyo na mtu wa kukaa naye. Nchi nzima ilikuwa ikipimwa hivyo, na waliokumbuka zamani, mtu alipofungiwa chumbani na ndugu zake kwa kukosa pa kupelekwa, walishukuru.

Jumanne ile aliingia Festo Mgimba, mlinzi wa moto katika msitu wa paini kule Mufindi. Dada yake, Wende, alimshika mkono hadi mlangoni, kisha akabaki nje, kwa sababu ndugu hawaruhusiwi kuingia. Festo alikuwa mtu wa makamo, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, mikono mikavu yenye nyufa.

"Shikamoo, baba," Vumilia akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Habari yako?"

"Nzuri tu."

Taa ikakonyeza. Mizani ikauliza habari za usingizi, za chakula, za kazi. Festo akajibu kila swali kwa upole, akiitika "naam" kana kwamba yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Mwishowe taa ikawaka kijani. Festo akashukuru, akamshukuru Vumilia, akaishukuru na mashine.

Nje, Wende alipoiona alama ya kijani aliyogongwa kaka yake mkononi, alimvuta Vumilia pembeni.

"Dada, samahani. Hiyo mashine yenu imemwona, au imemtazama tu?"

"Imempima, mama. Inasema ni mzima."

"Mzima!" Wende akapiga kofi moja. "Mwanawe kaungua, kafa. Yeye ndiye alikuwa mnarani, yeye ndiye aliyeuona moshi, akampigia simu mwanawe atangulie na wenzake wakauzime moto. Upepo ukageuka. Tangu siku hiyo halali. Juzi nimekwenda kumtafuta alfajiri, nimekuta koti lake na viatu vyake chini ya mnara. Amevipanga vizuri, dada. Soksi ziko ndani ya viatu. Yeye yuko juu kabisa, amesimama ukingoni. Nimemwita mpaka sauti imekauka."

Vumilia alimweleza kwamba mtu anaruhusiwa kupimwa mara ya pili baada ya wiki, na akaona haya kumwambia lililobaki. Lililobaki ni kwamba kijani cha pili kinafunga jina la mtu, asipimwe tena mwaka mzima.

*

Usingizi ulikataa kuja siku mbili, na hilo peke yake lilimtia hasira, kwa sababu usingizi ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakipenda. Alhamisi baada ya mhadhara akagonga mlango wa Dakta Mapunda.

Dakta Mapunda alikuwa Mngoni mrefu mwenye sweta lililochakaa viwiko. Alikuwa akifundisha wanafunzi mia saba wa mwaka wa kwanza, wenye miili na wenye vivuli, na jioni akiona wagonjwa ambao Mizani ilishindwa kuwasoma. Alikuwa amelaza kichwa mezani. Alipokiinua, alama ya kalamu ilikuwa imebaki shavuni.

"Kihwele. Nilidhani Wahehe mkikasirika huwa mnasubiri mvua iishe kwanza."

"Leo sina nguvu ya utani, daktari. Nina swali. Neno la kwanza linafanya kazi gani?"

"Hilo liko katika sura ya pili, na wewe sura ya pili umeisoma miaka mitatu." Lakini alimwona uso, akaacha mzaha. "Miili haifanani. Moyo unaokwenda mbio kwa huyu ni hofu, kwa yule ni kawaida yake. Kwa hiyo mashine inamuuliza mtu mwenyewe. Neno analojibu linafungwa kwenye mwili wake wa dakika ile. Akisema nzuri, basi mwili ule ndio nzuri yake, na mengine yote yanapimwa kuanzia pale. Ni kama muuza nyama anavyorudisha mshale kwenye sifuri kabla ya kupima."

"Na nyama ikiwa tayari iko juu ya mizani?"

Dakta Mapunda akaweka kalamu chini.

"Mtu amefika kabeba gunia," Vumilia akasema. "Tunamuuliza habari, anasema nzuri, maana atasemaje? Tunaweka sifuri gunia likiwa begani. Halafu tunampima na kukuta hana mzigo wowote."

"Kama hali yake ni mbaya, aseme mbaya."

"Daktari, mwaka juzi ulipofiwa na mama yako nilikukuta koridoni. Nikakuuliza habari za kwako. Ulinijibu nini?"

Alijibu polepole kama mtu anayeikanyaga ardhi asiyoiamini. "Nilisema nzuri."

"Halafu?"

"Halafu nikakwambia tumefiwa."

"Basi. Nzuri ya kwanza si jibu. Ni kumfungulia mtu mlango tu. Jibu linakuja baadaye, ukishauliza za nyumbani, za watoto, za shamba, ukarudi tena kwake mwenyewe. Mizani inashika kitasa cha mlango na kusema imeshaiona nyumba yote."

Dakta Mapunda aliinuka, akaenda dirishani. Chini, foleni ya wateja ilikuwa imejikunja kuizunguka hospitali, watu wamejifunika mashuka ya kimasai kwa baridi, akina mama wamepakata watoto.

"Ilijaribiwa hapa hapa," akasema bila kugeuka. "Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Waliambiwa wajibu ukweli mtupu, watapewa alama. Na mwanafunzi ukimpa alama, atakueleza hata ndoto za bibi yake. Ikafanya kazi vizuri sana." Akasugua macho. "Inamfaa nani, basi?"

"Watoto. Walevi. Wale wanaojibu hovyo."

"Wasio na adabu." Akacheka bila kutaka, kicheko kikakatika chenyewe. "Wenye adabu hawaugui. Mungu wangu."

Vumilia alitarajia kwamba akishalisema jambo hili mbele ya mkubwa, litatoka kwake, yeye arudi kuchoka kwake kwa kawaida. Halikutoka. Dakta Mapunda aligeuka, na sura yake ilikuwa imezeeka zaidi.

"Nikiipeleka habari hii juu, Mizani zote zitazimwa kesho, mikoa yote, mpaka waunde nyingine. Itachukua miaka. Jumatatu alikuja binti wa miaka tisa, akaulizwa habari, akasema mbaya. Sasa hivi yuko wodini, amekula, amelala. Tukizima, binti wa Jumatatu ijayo nitamweka wapi? Mkoa mzima tuko madaktari watatu wa akili, na mmoja wetu haendi kazini, anaumwa ugonjwa ule ule anaoutibu."

"Kwa hiyo tunyamaze?"

"Sijasema tunyamaze. Nipe muda nifikiri. Mtu aliyechoka akiamua haraka huwa anaamua kilicho karibu na kitanda." Akamtazama kwa makini. "Na wewe usije ukamsemea mteja. Najua umeshawaza. Msalimu akimsemea mteja, hicho ni kipimo cha kughushi. Kinafutwa, mteja anatupwa kwenye foleni ya kuniona ana kwa ana, na foleni yangu imefika mwakani."

*

Jumanne iliyofuata alianza kazi mapema, akajaribu njia yake. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekonda, macho yamezama. Badala ya kumuuliza habari, Vumilia akasema, "Pole, mama." Alidhani amepata ufumbuzi. Nani akipewa pole atasema nzuri?

"Nimeshapoa," mama akajibu.

Taa ikakonyeza. Mizani ilikuwa imesikia kwamba mtu amepoa, ikaridhika, na baada ya maswali yake ikawasha kijani. Vumilia alimtazama yule mama akiondoka, akatamani kuutupa ulimi wake dirishani. Alikuwa amemwangamiza mtu kwa huruma, na mashine haikuwa na kosa hata kidogo; lugha yote ilikuwa imejengwa ili mtu asimsumbue mwenzake.

Festo aliletwa kabla ya adhuhuri. Wende alikuwa amekesha msituni chini ya mnara usiku kucha akimlinda, sindano za paini zilikuwa bado zimenasa kwenye kitambaa chake.

"Nimemfunda njia nzima," akanong'ona mlangoni. "Nimemwambia, ukiulizwa usiseme nzuri. Kaitikia."

"Na akisema?"

"Basi mimi sitaweza tena, dada. Nina watoto, nina shamba. Siku moja nitasinzia."

Festo akaketi, akabandikwa utepe. Shikamoo ikatolewa, marahaba ikapokelewa. Vumilia akaegemea mbele.

"Habari yako, baba? Niambie kweli kabisa."

Festo alifungua mdomo. Ulimi wake ulianza kutengeneza ile *n* ya nzuri, Vumilia akaiona. Kisha akafunga mdomo. Jasho likamtoka kwenye paji la uso kando ya utepe. Alijaribu tena. Alikuwa mtu aliyeona mwanawe akiteketea kwa macho yake mawili kutoka juu ya mnara, na hapa alishindwa kutamka neno la silabi tatu mbele ya mwanamke asiyemjua, kwa sababu lilikuwa neno lisilo la heshima.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "mtu umekutana naye tu, umtwike mzigo wako? Hata maji hajanywa?"

"Nitwike."

"Haiwezekani." Alikuwa karibu kulia kwa aibu. "Sijui kuanza. Anza wewe, basi. Za kwako?"

Taa ilikuwa bado haijakonyeza. Mizani ilisubiri neno la kueleza hali, haikuwa na haraka. Sheria ilimtaka msalimu atabasamu na kurudia swali lake. Vumilia alikuwa amelirudia swali lile kwa watu wengi, na wengi walimuuliza na yeye, akatabasamu kama alivyofundishwa. Hata nyumbani, hata sokoni, hata kanisani, jibu lake lilitoka kabla swali halijaisha. Sasa aliutazama uso wa mtu huyu uliokuwa ukimngoja kwa heshima yake yote, akakuta kwamba lile jibu halipo mahali pake. Alilitafuta, hakuliona.

"Mbaya," akasema.

Taa ikakonyeza.

Wote wawili waliiona. Vumilia hakuweza kujizuia tena. "Mbaya, baba. Mama yangu mzazi hanijui. Nimechoka mpaka nikiamka naanza kungoja jioni. Na siku nyingine namwombea mama afe, halafu nakwenda kumkorogea uji."

"Pole," Festo akasema. "Pole sana, mwanangu. Pole." Akanyoosha ule mkono wenye nyufa, akamshika kiwiko. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu wa kumpa pole, kitu fulani ndani yake kiliachia. "Mimi mwanangu nilimpigia simu mwenyewe," akasema. "Nilimwambia, kimbia, wewe ndiye uko karibu." Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima asiyejua kulia, na sauti ya mwanamke asiye na haraka ikaanza kumuuliza habari za usingizi, naye safari hii akaijibu.

Ilipomaliza, taa iliwaka nyekundu. Wauguzi wawili wakaingia. Festo aliondoka akiwa ameshikiliwa huku na huku, na Wende akifuata nyuma amebeba viatu vyake, maana wodini mtu haingii na kamba za viatu. Wende alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti kubwa koridoni, na hakuna aliyemnyamazisha.

*

Dakta Mapunda alifika kabla Vumilia hajaubandua utepe uliobaki mezani. Alikuwa amepanda ngazi kwa kukimbia, na mtu wa umri wake hakimbii ovyo.

"Mizani imeniletea taarifa," akasema, akihema. "Sauti ya neno la kwanza siyo ya mteja."

"Siyo ya mteja."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu."

Akafunga mlango. Alivuta pumzi, akasema taratibu, neno moja moja, ili kila mmoja wao aelewe kinachokwenda kutokea. "Nisikilize vizuri, Vumilia. Nitakuuliza mara moja, na jibu lako ndilo nitakalolipeleka. Kama ulimsemea, kipimo kimefutwa. Utapewa onyo, utaendelea na masomo, utafaulu, maana mengine yote umefaulu. Yeye watamtoa wodini jioni hii. Kama ulikuwa unarudisha salamu, ukajisemea wewe, basi mashine imeshika neno kwa bahati mbaya, na lililoshikwa kwa bahati mbaya halifutwi. Atabaki. Lakini msalimu ambaye hali yake ni mbaya haruhusiwi kumsalimu mtu. Koti utalivua leo. Na hii ni mara yako ya tatu."

Vumilia alitazama kisanduku kile cha kijivu. Alijiuliza kwa dhati, kwa sababu alistahili kujua. Je, alijua kwamba taa ingekonyeza? Mshale wake wa moyoni ulielekea huku, ukaelekea kule. Alimkumbuka yule mama aliyekonda aliyetoka asubuhi na kijani chake, na wengine wa benchi la nje watakaosalimiwa kesho na msalimu mwingine, kijana mwenye adabu. Hao hakuwa na la kuwafanyia. Lakini swali hili lilikuwa lake, na jibu lake lilikuwa la kweli hata kama lisingemwokoa mtu yeyote.

"Nilijisemea," akasema.

Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya meza. Alitegemea kusikia mlango ukifunguliwa, daktari akienda zake kuandika anachopaswa kuandika. Dakta Mapunda hakuondoka. Alizima Mizani kwa nyuma, mlio wake mdogo ukakoma, na chumba kikabaki na watu wawili tu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui, daktari. Hakuna aliyewahi kuniuliza mara ya pili."

Dakta Mapunda alivuta kiti cha wateja, akaketi karibu naye, akauliza tena.